Mpira wa Kijerumani Ndani ya Goti Langu

Ukinikuta nateremka kutoka kwa mama yangu Werugha, juu milimani Taita, usishangae kuona mgongo unakuja kwanza. Mimi huteremka kinyumenyume. Kupanda napanda vizuri tu, nahema kidogo kama watu wengine. Kuteremka ndiko kuna kesi. Kila nikikanyaga, goti la kulia linaniuliza nani alinituma. Kwa hivyo nageuka, natazama mlima, natanguliza makalio kuelekea Voi, mjini chini. Akina mama wanaobeba kabeji wamenizoea. Wananiambia, "Kuna ng'ombe nyuma yako," na mimi nasema asante, naweka indiketa, nampisha ng'ombe.

Watu hucheka na mimi hucheka. Hiyo ndiyo kazi nimefanya muda mrefu kuliko zote. Nilikuwa nachekesha darasani mpaka mwalimu wa hesabu akaniambia nichague, ama vichekesho ama hesabu, na kidato cha pili nikaenda zangu. Sijui kama alishangaa.

Halafu mpira ukanichukua. Nilikuwa winga wa kulia, timu ya Mombasa, ligi kuu. Ligi kuu usiwaze ile ya kwenye televisheni. Hii yetu, ambayo basi likizima, wachezaji wanashuka kusukuma na kochi anabaki ndani anapanga mbinu. Lakini ilikuwa kazi, ilikuwa na mkataba, na Voi nzima walijua. Kochi alisema mbele ya wote kwamba mimi sina akili ya mpira, nina miguu. Nilichukua hiyo kama sifa. Nikipewa mpira nakimbia, beki anabaki akiuliza njia.

Sasa, ili unielewe ujinga wangu, lazima nikupeleke garaji kwanza.

Mimi nililelewa Voi na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba. Mama alibaki juu mlimani na shamba. Baba mdogo ni fundi wa malori, pale kando ya barabara kuu, na kazi yake ni chini ya gari: springi, shokomzoba, na ile mipira inayokaa katikati ya chuma na chuma ili gari isigonge. Trela inaingia inapiga kelele gong, gong, kama kengele ya shule. Baba mdogo analala chini kwenye gunia, anatoka na grisi mpaka kwenye nyusi, anasema, "Mpira umeisha. Tutoe." Dereva anasema, "Toa." Basi.

Hakuna siku nimesikia dereva akisema, "Toa halafu uweke mwingine." Nani atasema hivyo? Mwendawazimu gani atatoa mpira mbovu aache shimo? Pale kwetu kutoa na kuweka ni neno moja. Swali linalobaki ni kama mpya ni ya hapo duka la kona ama ni orijino. Na orijino ni ya Ujerumani. Hata bwana asiyekunywa pombe na anayerudi nyumbani mapema, mke wake akimsifu pale mtaani, anasema huyu wangu ni wa Ujerumani.

Hiyo ndiyo shule niliyomaliza.

Siku ya kuumia tulikuwa nyumbani, jua la saa tisa, uwanja mkavu kama mkate wa juzi. Nilipewa mpira pembeni nikakata kuingia ndani. Mwili uliingia. Kiatu kilibaki kimeng'ang'ania majani machache yaliyokuwepo, na goti likaachwa katikati halijui limfuate nani. Nilisikia kitu kikitoa sauti, tap, sauti ndogo ya kuvunja njugu. Nikaanguka.

Hakuna mtu alikuwa amenigusa. Beki aliyetakiwa kunikaba alikuwa mbali, anafunga kamba ya kiatu. Refa alikuja akinitazama kama mwizi wa kuku, mkono uko mfukoni kwenye kadi. Na shabiki mmoja akapiga kelele nikamsikia vizuri sana: "Amka wewe! Umejipiga rafu mwenyewe!"

Kuumizwa na mtu kuna faida yake. Unapata wa kumlaani. Mimi sikuwa na mtu. Nililala pale natafuta wa kutukana nikakosa, nikatukana kiatu. Mchua misuli wa timu akaja na ndoo na ile dawa ya kupuliza, akajaribu kuninyoosha mguu, mguu ukakataa. Ulibaki umekunjwa nusu. Nilitolewa kwa machela goti limeinuka juu kama mtu anayepiga goti kuposa, wenzangu wakaniuliza nimempata nani.

Hospitali walipiga picha ya goti. Daktari alikuwa mzee mpole mwenye Kiingereza kirefu. Mimi Kiingereza kikizidi maneno kumi huwa naitikia kwa kichwa, kama niko kanisani. Alisema, nikaitikia. Akasema tena, nikaitikia. Akanitazama, nadhani akanihurumia, akaingia Kiswahili.

"Ndani ya goti kuna mipira miwili," akasema, "kama mito midogo. Inazuia mfupa usisugue mfupa. Wako wa upande wa ndani umepasuka. Tunaweza kufanya mambo mawili. Tushone, lakini hapo utakaa nje muda mrefu, utembee na magongo, msimu huu usahau. Ama tutoe palipopasuka. Hapo utarudi uwanjani mapema."

Palipopasuka. Alisema hivyo, simsingizii. Ni sikio langu ndilo liliokota "tutoe" na kuacha mengine.

Meneja wa timu alikuwa amekaa kando yangu. Mtu mnene, ananukia vizuri, simu mbili mezani. Daktari akamgeukia akaongea naye Kiingereza, maneno mengi, na katikati akanionyesha mimi kwa kalamu. Siku hizi najua alikuwa anaeleza mambo ya mbele, goti likikosa mto huwa linakuwaje baada ya miaka. Wakati ule nilikuwa naitikia kwa kichwa.

"Ya haraka, daktari," meneja akasema. "Tuko pabaya kwenye ligi."

"Mwenye goti ndiye aseme," daktari akajibu.

Niliomba nafasi nikatoka nje kumpigia baba mdogo. Nyuma yake nilisikia nyundo.

"Baba mdogo, ni mpira wa goti umepasuka. Wananiuliza washone ama watoe."

"Washone?" Nyundo ikanyamaza. "Mpira unashonwa? Umeona wapi? Mimi nikimshonea mtu mpira wa lori hata Mtito hapo njiani hafiki! Kinachoshonwa ni suruali."

"Basi nisemeje?"

"Waambie watoe. Na uulize ni ya wapi. Usikubali ya duka la kona, wewe ni mtu wa kukimbia."

Nilirudi ndani nikasema, "Daktari, toa." Nilisema kwa sauti, kama dereva wa trela.

Tukiwa kwenye korido, tunaenda kuandikishwa, nikamshika meneja mkono. "Bosi, sasa ile mpya ni ya wapi?"

Alinitazama. Akatazama mlango wa daktari. Akatabasamu.

"Ya Ujerumani," akasema.

"Orijino?"

"Orijino kabisa. Wewe si ni mchezaji wetu?" Akanipiga bega.

Hilo tabasamu nimelifungua na kulifunga mara nyingi kuliko Biblia ya mama.

Nilipozinduka nikakuta vidonda vidogo tu, vitobo vya kupitisha kalamu. Nilishangaa mpira mzima ulipitaje pale. Nikajiambia labda unaingia umekunjwa kama mkeka, ukifika ndani unajikunjua. Teknolojia ya Wajerumani, utaiweza? Daktari alipita akasema kila kitu kimeenda sawa, nitunze goti. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama alishuka kutoka Werugha na kiroba cha sukuma na karoti, kana kwamba wagonjwa wa Mombasa hawajawahi kuona mboga. Nikamweleza. Akaweka mkono juu ya bandeji polepole, akauliza kama inasikia baridi huko ndani, maana imetoka nchi ya baridi. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda: mwanangu amewekewa mpira kutoka Ujerumani, na Bwana asifiwe. Walipiga makofi. Bibi mmoja jirani, nyonga yake imemsumbua tangu nikiwa mtoto, akamtuma mama aniulize kama hiyo timu yangu inaweza kumwagizia mbili.

Kambini nikawa Mjerumani. Nilibandikwa jina hilo nikiwa bado kwenye magongo, na nilibandikwa na golikipa, ambaye meneja alimsimulia. Nilidhani wananisifu. Nilikuwa naitika.

Dada wa mazoezi pale hospitali alinifundisha upya vitu nilivyojua nikiwa na mwaka mmoja. Kukaza paja. Kuinua mguu ulionyooka. Kubana taulo chini ya goti, kuachia, kubana. Paja langu lilikuwa limenyauka kama la kuku wa kiangazi. Alisema twende polepole. Lakini meneja alipiga simu kila asubuhi: "Mjerumani yuko wapi? Anakimbia?" Basi nikakimbia.

Na nilirudi kweli, msimu haujaisha. Mechi ya kwanza nilipaa. Maumivu hakuna, mguu mwepesi, nikatoa pasi ya bao, watu wakasimama. Jioni nikampigia baba mdogo nikamwambia hii kitu ni nzuri mpaka nawaza na la kushoto wabadilishe. Baba mdogo akasema, "Si nilikuambia? Vitu vya kushonwa achia mafundi cherehani."

Halafu likaanza kuvimba.

Mwanzo ni baada ya mechi tu. Halafu baada ya mazoezi. Halafu likawa linavimba nikiwa nimekaa, linanisubiri. Linatolewa maji kwa sindano, maji ya rangi ya mafuta ya kupikia, halafu sindano nyingine ya kutuliza, halafu navaa viatu. Nilimwambia meneja, "Bosi, hii kitu inauma." Akasema, "Mpira mpya lazima uzoee. Vumilia." Na mimi, mtoto wa garaji, nikaona ni kweli kabisa. Mpira mpya huwa mgumu. Nikawaambia watu: bado inajizoesha, haijazoea joto la Mombasa.

Mwenye miguu bila akili akikosa miguu anabaki na nini? Beki ambaye zamani alikuwa akiuliza njia sasa alikuwa ananisubiri mbele. Nikawa mchezaji wa dakika za mwisho. Nikawa wa benchi. Benchi nikachekesha vizuri sana, kochi msaidizi alisema bila mimi benchi lingekuwa kama matanga. Wakamleta winga mpya, kijana wa mbio, anakimbia kama ameiba.

Likizo ya ligi nikaja Voi. Goti lilikuwa limefura, nikaenda hospitali moja hapa hapa. Daktari alikuwa msichana, umri wa dada yangu mdogo kama ningekuwa naye. Alilibonyeza, akalikunja, akalisikiliza kwa mkono. Akataka picha. Picha ikaja, akaiweka kwenye taa.

"Daktari," nikamwambia, "angalia tu kama ile mpya imehama."

"Mpya gani?"

"Mpira. Nilibadilishiwa Mombasa."

"Ulibadilishiwa?" Akageuka kwenye picha. Akaniangalia mimi. "Kaka, ulifanyiwa nini hasa?"

"Ulipasuka, wakautoa, wakaweka wa Ujerumani."

Nilingoja acheke. Wote hucheka nikifika Ujerumani. Huyu alivuta kiti akakaa karibu yangu, na hapo nikajua kuna jambo, daktari hakukaribii bure.

"Hapa hakuna kitu kiliwekwa," akasema. "Walitoa. Tena sehemu kubwa. Ona hapa, mfupa na mfupa vimekaribiana. Hii nafasi ilitakiwa kuwa na mto. Haina."

"Haijawekwa?"

"Haiwekwi hivyo, kaka. Si gari."

"Na sasa wanaweza kushona?"

"Washone nini? Kilishatoka."

Nilimuuliza kama nitacheza. Alizunguka sana kwa upole: mazoezi ya paja, kupunguza uzito, kuogelea kama napata pa kuogelea, hapa Voi ambapo hata maji ya kunywa ni machache mpaka tunayaita kwa jina. Nikamuuliza tena. Akasema, "Hapana. Ukitaka kutembea uzeeni, usicheze." Mimi hapo nilikuwa na umri ambao wachezaji wengine ndio wanaanza kuitwa timu ya taifa.

Nilipita garaji. Baba mdogo alikuwa chini ya lori, nikaongea na miguu yake. Nilimweleza yote. Miguu haikusonga. Alipotoka hakunitazama, alikuwa anapangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Walitoa wakaacha hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Chuma kwa chuma?"

"Ni wewe ulisema mpira haushonwi."

"Mimi nilijua goti ni nini?" akafoka. "Mimi ni fundi wa lori! Ulinipigia simu nikiwa na lori, nikakujibu ya lori!" Akaitupa spana kwenye sanduku. Halafu akaiokota akaipangusa tena. Hatujawahi kuongea hayo mambo mpaka leo. Lakini siku hizi dereva akisema "toa", namsikia baba mdogo anauliza, "Nitoe niweke?" na dereva anamwona kama mzee amechanganyikiwa.

Simu ya meneja ikawa haishikwi. Msimu mpya ukaanza, sikuitwa. Mkataba wangu ulikuwa umeisha na hakuna aliyesema neno. Lakini basi la timu likienda Nairobi lazima lisimame Voi, kwenye ile hoteli ambayo tulikuwa tunakunywa chai siku zote. Nilijua siku ya mechi, nikaenda nikakaa mapema. Sikutaka vita. Namba yangu nilijua imekwenda. Nilitaka kitu kimoja: meneja aniambie, macho kwa macho, kwamba siku ile kwenye korido alijua namuuliza kwa ukweli. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima, nikiyarudia garaji kwa sauti ndogo.

Waliingia na kelele zao. "Mjerumani! Jamani, Mjerumani! Leta kiti! Mpe chai huyu!" Golikipa akanikumbatia. Meneja alikuwa mwisho wa meza na sambusa zake, akaniinulia mkono kama tulionana jana. Nikaenda nikakaa mbele yake.

"Bosi, kwenye hii goti hakuna kitu kiliwekwa."

"Ehe?"

"Ile ya Ujerumani. Nimepigwa picha. Hakuna."

Meza nzima ikageukia kwetu. Halafu golikipa akapasuka kicheko, na wote wakafuata. Meneja alicheka mpaka akaweka sambusa chini, akafuta macho. Ndipo akaona mimi sicheki.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wewe ulikuwa unauliza kwa ukweli?"

"Nilikuwa nauliza."

"Wewe? Wewe uliyemchekesha padri kwenye mazishi? Ningejuaje? Kila kitu na wewe ni utani. Uliuliza utani, nikajibu utani."

"Na ile ya kusema itazoea?"

"Si tulikuwa tunaendelea na utani ule ule?"

Nilitafuta uongo kwenye ule uso. Nilitafuta vizuri, nina uzoefu wa nyuso, mchekeshaji lazima ajue nani atacheka. Sikuupata. Sijui kama haukuwepo ama alikuwa ameshaufanyia mazoezi. Mpaka leo sijui, na hiyo ndiyo inaniuma kupita mfupa. Yale maneno ya wiki nzima yalikuwa ya mtu aliyenidanganya. Kwa mtu aliyenitania sikuwa nimepanga lolote.

"Lakini tutaongea," meneja akasema, akitazama saa. "Tutaona namna ya kukusaidia. Dereva! Tumechelewa."

Wakaanza kuinuka. Golikipa akanigonga mgongo. "Sema moja basi, Mjerumani, tuende na kicheko."

Walisimama wote wakinitazama, midomo iko tayari. Winga mpya ndiye peke yake aliyekuwa bado amekaa, miguu ameinyoosha chini ya meza, miguu mizuri, anamalizia chai. Nikamwambia yeye.

"Wewe. Ukiumia, usichekeshe mbele ya daktari."

Chai ilimtoka puani. Meza ikalipuka. Nikamshika bega, nikainama, nikamwambia polepole, karibu na sikio: "Sikiliza, mdogo wangu. Sitanii. Wakikuuliza, waambie washone. Hata kama ni muda mrefu. Washone."

"Sawa, Mjerumani," akasema, anajifuta kamasi, machozi ya kicheko yanamtoka. "Washone." Halafu akawageukia wenzake: "Ati washone!"

Wakaondoka na kicheko chao. Mpaka wanapanda basi nilikuwa nawasikia, mmoja anasema kwa sauti yangu, "Sitanii, washone!" na wengine wanaitikia. Mhudumu alikuja kukusanya vikombe akaniuliza ni nini kinachekesha hivyo. Nikamwambia hata mimi sijui.